Siku Hizi Hatukimbilii Shingoni

...siku hizi, daktari kasema siku hizi, kalitamka kama mtu anayesema siku hizi mvua hazieleweki au siku hizi watoto hawasalimii, "Siku hizi hatukimbilii tena kuingiza mrija shingoni," halafu akakamua jeli kwenye kidude cha altrasaundi akamwinamia mama kifuani kana kwamba hajasema kitu, na yeye binti mtu kabaki kasimama pembeni ya kitanda, mkono wa kulia umeukamata wa kushoto usije ukafanya la kufanya, siku hizi tangu lini, daktari, tangu mwaka huu, tangu mwaka jana, au tangu kabla baba hajaletwa kwenye chumba hiki hiki cha mahututi, chini ya taa hizi hizi zinazomfanya kila mtu awe na rangi ya maiti hata nesi aliyetoka kunywa chai sasa hivi, tangu lini hasa, anataka kuuliza na hawezi, kwa sababu kabla hajafungua mdomo daktari alishamwomba anyamaze, "Mwalimu, kwa dakika chache usimguse, usimsemeshe, nataka moyo uitikie miguu tu, akishtuka nitasoma mshtuko," akamwita Mwalimu kama wanavyomwita wote, kwa kuwa anafundisha udereva, na nesi akabonyeza kitufe, kitanda kikaguna, kifua cha mama kikashuka na miguu ikapanda taratibu, nyayo mbili zilizopauka zikatokeza chini ya shuka zikitazama dari, na huo ndio uganga wote, miguu kuinuliwa, damu iliyolala miguuni inarudi moyoni, ni kama umemwongezea mgonjwa maji ya dripu bila kumwongezea tone, moyo ukisukuma kwa nguvu zaidi basi mama anahitaji maji, usiposukuma basi maji yatamjaa mapafuni na kumzamisha kitandani pakavu, ndivyo alivyoeleza daktari kule kwenye korido kwa lugha ya watu, na yeye akaitikia kwa kichwa, akaelewa, na kuelewa ndiko kulikompandisha mori, kwa sababu jambo linaloeleweka na dereva mwanafunzi wa siku ya kwanza lingeshindikanaje kufanywa kwa baba, kwani baba hakuwa na miguu, baba hakuwa na kifua cha kupaka jeli, kitanda cha baba hakikuwa na kitufe...

Pumua, anajiambia, pumua kama unavyowaambia wanafunzi wanapozima gari katikati ya mzunguko na malori yanapiga honi nyuma, pumua, kanyaga klachi, anza upya, lakini hasira haina klachi, na watu humwambia hasira hasara, humwambia tangu utotoni, na yeye hujibu hasara za nani, maana aliyekula hasara hapa anajulikana na aliyesababisha naye anajulikana, yuko hapa, miwani yake imefungwa uzi shingoni, mvi zimemzidi tangu siku zile za baba, ndiye yule yule, alimjua mara tu alipotokeza kwenye korido, mwendo ule wa kuburuta kisigino kimoja, na yeye daktari hakumjua, atamjuaje, wamepita wangapi mikononi mwake, mtu anayekwanguliwa ngozi hamsahau mkwanguaji, ila mkwanguaji ana kazi nyingi... skrini inaonyesha wingu la kijivu, kitu kinapapatika ndani ya wingu kama ndege aliyefunikwa kikapu, ule ndio moyo wa mama, ule ndio ulioacha kazi zote za dunia ukawa unawasikiliza wao wawili, yeye na kaka yake, wakigombana, na sasa unapapatika kwa sababu nimonia ilianza kama mafua, mama akasema ni vumbi, akasema ni kiyoyozi cha kanisa, akasema kila kitu isipokuwa naumwa, hadi maambukizi yakaingia kwenye damu na presha ikaporomoka, na mtu aliyekuwa akicheka kwa kuziba mdomo na kiganja sasa mdomo wake umezibwa na barakoa ya oksijeni, anafumba na kufumbua macho, hayupo wala hajaondoka. "Sipati picha nzuri," daktari ananong'ona, hamwambii mtu, anasogeza kidude chini ya titi, anakigeuza, anabonyeza, na mama anakunja uso, "mapafu yameziba njia," na hilo nalo alilieleza kule nje, alisema asipoona moyo vizuri kwa nje itabidi wafikirie njia nyingine, na njia nyingine anaijua, njia nyingine inaanzia shingoni.

Baba alikuwa kinyozi. Miaka yake yote ilipita kwenye shingo za watu, wembe na shingo, na alikuwa akisema kinyozi humjui kwa nywele, mtazame mteja shingoni anapotoka, kama hakuna hata alama basi yule ni fundi, na wakubwa kwa wadogo walimlegezea shingo wakasinzia mikononi mwake, hata mkuu wa polisi aliyekuwa hamwamini mkewe alisinzia kwa baba, halafu wakamleta hapa na moyo uliochoka, na daktari huyu huyu, kijana zaidi, mwepesi zaidi, akasema tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo, unapita ndani ya vyumba vya moyo hadi kwenye mshipa wa mapafu, utatupa namba zote, ndicho kipimo cha uhakika, akasema, cha uhakika, na kaka yake kwenye simu kutoka alikokuwa akasema fanyeni, fanyeni kila kitu, mzee apate kilicho bora, kaka ambaye nyumbani wanamwita Meneja tangu ana miaka saba kwa sababu hata kwenye mchezo wa kujificha yeye ndiye aliyekuwa akipanga nani ajifiche wapi, fanyeni, akasema, na wakafanya, na yeye alikuwa nje ya pazia akasikia mashine ya baba ikipoteza mdundo, tii tii kisha kimya kisha tiitiitii kama mtu anayeanguka ngazi, na sauti ya daktari ikisema ni kawaida, mrija unagusa ukuta wa moyo, ni kawaida, na baadaye alipoingia akakuta shingo ya baba imevimba na kuwa ya zambarau upande mmoja, shingo ya kinyozi, na kwa sababu baba usingizini alikuwa akipeleka mkono shingoni, kama mtu yeyote anavyopeleka mkono palipochomwa, walimfunga mikono, kwa bendeji laini, kiungwana kabisa, kwa usalama wake, wakasema, ile mikono.

Na hata hiyo si ndiyo, hata mikono angesamehe, siku moja pengine, kama si lile la mashine... maana walimgeuza kichwa upande wa kushoto ili shingo ya kulia ibaki wazi, na kushoto ndiko lilikosimama lile toroli la mashine iliyounganishwa na mrija, lenye waya na chupa na kioo, hapakuwa na nafasi ya kuingia hata paka, akamwomba nesi alisogeze kidogo tu asimame mbele ya macho ya baba, nesi akasema ikisogezwa vipimo vitavurugika, akamwomba daktari, daktari akasema samahani dada, hatuwezi, na akasema samahani bila kuinua uso, alikuwa anaandika namba, kila mtu alikuwa na namba, Meneja akipiga simu hasemi baba anaonekanaje, anasema namba zikoje, na yeye mwenyewe akawa anamsomea, ehe, imepanda, ehe, imeshuka kidogo, akiwa amesimama nyuma ya kitanda anazungumza na kisogo cha baba, baba nipo, baba ni mimi, na baba macho wazi anaitazama mashine, siku zile zote za mwisho alitazama mashine, na alipoondoka aliiaga mashine, yeye hakumpa hata jicho, hakumnyima, hakumwona tu, alikuwa hatua moja nyuma yake, na hilo, daktari, hilo namba gani inalisoma.

"Mdogo wangu." Ni Meneja, mlangoni, mara hii amekuja mwenyewe, amevalia gauni la hospitali kinyume, kamba zinaning'inia kifuani kama mtu aliyevalishwa na watoto, simu mkononi, ananong'ona kwa ile sauti yake ambayo hata ikinong'ona inatoa amri, "mdogo wangu, nimeongea na rafiki yangu, mkewe ni daktari, anasema kama hali ni mbaya hivi wasibahatishe na jeli, waingize kipimo chenyewe ndani, huyu anatufanyia rahisi kwa sababu hatujui," na yeye anataka kugeuka amjibu, ana majibu yaliyolala miaka, ana majibu yenye meno, lakini macho yake yameangukia mikono ya daktari, kidude kimetulia kwenye mbavu za mama, na mama kafumba macho, na kaambiwa asiseme, kwa hiyo anakinyoosha kiganja chake nyuma, wazi, bila kugeuka, kama anavyowanyooshea wanafunzi wakati gari la mbele limesimama ghafla, simama hapo, na Meneja, ajabu, anasimama, hajawahi kusimama kwa mtu... wasibahatishe, anasema, kana kwamba kuchoma ndiko kujua, kana kwamba kisichoumiza hakiwezi kuwa dawa, wamelelewa hivyo, shubiri ndiyo inayotibu, fimbo ndiyo inayofunza, sindano ndiyo hospitali, ukimpeleka mtu akarudi na vidonge tu jirani wanauliza hata sindano hakupigwa, na mama mwenyewe alikuwa hivyo, mama aliyekuwa opereta wa simu, masikio yake yamesikia siri za mji mzima na hakutoa hata moja, alikuwa akiwakamua limao kwenye vidonda akisema likiwasha linafanya kazi, hadi yalipompata baba, na baada ya mazishi, wakikunja mashati ya baba, wanaume wako nje, mama alisema huku analainisha ukosi kwa kidole, "Mimi siku yangu ikifika, msinitoboe shingo." Yeye akasema, mama, usiseme hivyo. "Nimesema msinitoboe. Unaahidi au huahidi?" Akaahidi, juu ya ukosi wa shati, na Meneja alipoambiwa akasema yale ni maneno ya uchungu, mtu akiwa na uchungu hujisemea.

"Tushushe," daktari anamwambia nesi. "Sikuipata. Tunarudia." Kitufe, mguno, miguu inashuka, kifua kinapanda, mama anakohoa ndani ya barakoa, na daktari anamfuta jeli kwa kitambaa, anamfuta vizuri hadi chini ya mkunjo wa titi ambako watu hupasahau, anapaka nyingine, "itakuwa ya baridi, mama, samahani," anamwambia mama, si yeye, na lile samahani analisema akimtazama mama usoni, anasubiri hadi mama apepese, ndipo anaweka kidude, na yeye analiona hilo, hataki kuliona, hasira haipendi kuona, lakini macho hayana pazia... kwenye kifundo cha mkono wa mama kuna sindano nyembamba kama ya mbu, imeingia kwenye mshipa, kutoka hapo yanakuja mawimbi mekundu ya presha kwenye skrini ya juu, kila pigo wimbi, na mikono yote miwili imelazwa juu ya shuka, hakuna bendeji, mama anakunja na kukunjua kidole cha shahada kama mtu anayetafuta tundu la kuchomeka waya wa simu. "Tunasubiri moyo utulie kwanza," anasema daktari. Anasubiri. Wote wanasubiri. Nesi anatazama mlango, Meneja anatazama simu. Kisha daktari, bila kutoa macho kwenye skrini, kwa sauti ya chini kabisa kama mtu anayeendelea na mazungumzo ambayo hayakukatika, anasema, "Baba yako alikuwa kitanda kile cha dirishani."

Damu inamwenda kichwani yote, hakuna aliyeinua miguu yake na inamwenda yote, anajua, alikuwa anajua, tangu korido, alimjua akaburuta kisigino chake akamweleza mambo ya miguu na maji kwa utulivu wote ule akiwa anajua ni nani anayemweleza, kwa hiyo lile siku hizi halikumponyoka, siku hizi alimwambia yeye, alilipima kabla ya kulitoa... "Ule mrija niliuingiza mimi," anasema daktari. Na yeye binti anasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Najua." Sauti haina rangi. "Nilidhani umesahau." "Kinyozi," anasema daktari. "Alinitazama shingo nilipomwinamia, akaniambia anayekunyoa anakuharibu. Ndilo neno la mwisho alilosema kabla hatujampa dawa ya usingizi." Na hilo hakulijua, hilo baba hakumwambia mtu, hilo limekaa kwa mtu huyu miaka yote hii kama kitu kilichosahauliwa mfukoni mwa koti la jirani, na hajui amnyang'anye au amshukuru. "Mrija haukumuua," daktari anasema. "Moyo wake ulikuwa umekwisha. Lakini sidhani ulimsaidia. Wapo waliokuwa wanasema hivyo hata wakati ule, kwamba tunawaingizia wengi bila faida. Mimi sikuwasikiliza, niliona bila zile namba natembea gizani." "Nani anasema mrija?" Meneja mlangoni. "Na leo kwa mama yangu," anauliza yeye, polepole, kila neno akiliweka chini kama yai, "leo hutembei gizani?" Daktari anafikiri, anafikiri kweli, hapaki mafuta kwa mgongo wa chupa, "Leo naona kiasi," anasema, "si kila kitu. Nisipoona cha kutosha nitakwambia wewe kwanza. Wapo wachache ambao mrija bado unawafaa. Kwa mama bado sijafika huko." Halafu, "Moyo umetulia. Naomba tunyamaze tena."

Tunyamaze tena, na wananyamaza, kitufe, mguno, nyayo mbili zinapanda kutazama dari, na yeye yuko pale pale aliposimama, mkono umekamata mkono, ila kilichomo ndani kimehama, si kwamba kimepoa, asije mtu akamwambia kimepoa, kinachemka vizuri tu, lakini dakika chache zilizopita alikuwa amepanga, miguu ikishushwa tu, atamgeukia huyu mtu mbele ya nesi na mbele ya Meneja amvue nguo kwa maneno, amwambie muuaji, neno alilolinoa kila mwaka hadi limekuwa jembamba, na sasa analigusa na haliko sawa, lina makali lakini mpini umelegea, kwa sababu muuaji ni neno rahisi, muuaji angesahau, na huyu hakusahau, na kutosahau kwake hakumrudishii baba uso, hakuliondoi toroli pale liliposimama, hata kunazidisha, maana kama alikumbuka mbona hakuja, nyumba inajulikana, kibanda cha kinyozi kilikuwa kinajulikana na mji mzima, mbona hakuja kumwambia mama, mzee alisema neno la mwisho, neno lenyewe ni hili, mama angecheka akaziba mdomo, mama angelala na neno lile, miaka, daktari, ulikaa na neno la baba yetu miaka... hiyo ndiyo hasira yenyewe, hii hapa, wala si ya mrija, ya mrija walikuwa wote, yeye akisoma namba kwenye simu, Meneja akizidai, daktari akiziandika, nesi akizilinda zisivurugike, chumba kizima kilimpa baba kisogo ndipo baba naye akaonekana kuwapa kisogo, lakini neno, neno lilikuwa la kuleta tu, halikuhitaji mashine, na kwa hili atamshika, kwa hili hatamwachia, akimaliza.

Akimaliza. Kwa sababu mkono wa daktari unasogea sasa kwa unywele, chini ya ubavu wa tano, unainama kidogo, na wingu la kijivu linafunguka, kuna ukuta, kuna kitu kama jani kinachofunga na kufungua, wazi, wazi hata kwake, "Hapo," ananong'ona daktari, "hapo hapo," na mkono umeganda, yeye anaijua mikono, amekaa kando ya mikono ya watu wanaoogopa maisha yake yote ya kazi, mguu juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu, na huu haukuganda kwa woga, huu umeganda kwa kushika, jasho linamtoka daktari kwenye mvi likishuka kwenye uzi wa miwani na mkono hauachii uende kulifuta. Kwenye skrini vilima vidogo vyeupe, kila msukumo wa moyo na kilima chake, vinapita kimoja kimoja. Kisha kimoja kinakuwa kirefu. Kinachofuata kirefu zaidi. Nesi anamtazama daktari, daktari haondoi macho, anaviacha vipite vingine, haamini upesi, na macho yake yanatoka kwenye skrini yanaenda usoni kwa mama, yanakaa pale, yanarudi. "Unaitikia," anasema. "Mpe maji. Kidogo kidogo, nitatazama tena kila ukimpa." Nesi anazungusha kigurudumu cha dripu, matone yanaanza kufuatana.

"Wanasemaje?" Meneja kasogea, kasogea hadi nyuma ya bega lake, pumzi yake ina harufu ya kahawa ya mashine, na ile sauti ya amri imechanika katikati, na chini ya amri kumbe kulikuwa na mtoto wa miaka saba asiyejua mama kajificha wapi, "mdogo wangu, wanasemaje, wanauweka mrija au hawauweki?" Hauwekwi, anataka kumwambia, hauwekwi na si wewe wala si rafiki yako wala si mke wa rafiki yako atakayesema uwekwe, niliahidi juu ya ukosi wa shati, na kama siku itafika huyu aje aseme haoni tena, atakuja kuniambia mimi, kwanza, amesema, na nitamsikiliza nikiwa nimemkasirikia, inawezekana, kumbe inawezekana kumkasirikia mtu hadi mifupani na bado ukaomba usiku na mchana mkono wake usitetemeke, hakuna aliyewahi kumwambia hilo, wote walimwambia samehe, au wakamwambia mshtaki, hakuna aliyemwambia unaweza kusimama katikati hapa, kando ya kitanda, na kumngoja amalize. Mama amefumbua macho. Kichwa chake kimelazwa kimenyooka, hakuna aliyekigeuza, na upande huu hakuna toroli, yupo yeye tu, anasogea nusu hatua bila kugusa kitu hadi macho ya mama yanapomkuta, yanamkuta, yanakaa, na hasemi neno kwa sababu kaambiwa asiseme. Nyayo za mama ziko juu bado. "Kaka," ananong'ona, bila kugeuka, "ngoja. Hajamaliza."